Kabla ya Kufungua Kompyuta, Kamwone Fundi

Kazi moja ya kadi mia tatu za harusi inaweza kupita mikononi mwa mafundi wanne kabla haijamfikia bwana harusi. Mmoja anachapa, wa pili anapiga laminesheni, wa tatu anapiga foili, wa nne anakata umbo na kuweka alama ya kukunjia. Mara nyingi mafundi hawa hawako jengo moja. Ukipita asubuhi kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, upande wa mtaa wa Lumumba, utakutana na vijana wamebeba marobota ya karatasi zilizochapwa, wengine wakiyapeleka Kariakoo, wengine wakiyarudisha mjini. Wakoloni waliuacha uwanja huu wazi ili kutenganisha Uhindini na mji wa Waafrika. Leo kazi za uchapaji zinauvuka siku nzima, na ubora wa kazi yako wewe dizaina unategemea sana kama ulijua njia hiyo kabla hujaanza kuchora.

Dizaina wengi wa hapa mjini wana mikono mizuri. Corel wanaijua, rangi wanazijua, wanapanga herufi vizuri. Ila umaliziaji wanaufikiria mwisho. Kazi ikishakubaliwa na mteja ndipo anaambiwa fundi, “Hapa tia gold, na hili jina liinuke.” Hapo fundi anapewa mchoro ambao haukuchorwa kwa ajili ya foili, juu ya karatasi ambayo haikuchaguliwa kwa ajili ya embosi, akiwa na siku mbili za kufanya kazi ya siku tano. Ushauri wangu wote katika makala haya unatokana na jambo moja: geuza mpangilio. Amua kwanza kadi itamaliziwaje, kamwone atakayeimalizia, kisha rudi kwenye kompyuta.

Anza kwa kujiuliza kadi ile inakwenda kufanya kazi gani. Kwetu kadi ya mwaliko ni tiketi. Imeandikwa “Single” au “Double”, imelipiwa kwa mchango, na mlangoni mwa ukumbi kuna mtu wa kamati anaipokea, usiku, kwenye mwanga hafifu, huku foleni ikimsukuma. Kadi ya kughushi ikipita, kuna mgeni aliyechangia atakayekosa kiti na sahani. Hapa ndipo foili inapoacha kuwa pambo. Printa ya rangi au mashine ya kutolea kopi haina dhahabu. Ikikutana na foili inatoa doa la kahawia au la njano iliyofifia, lisilong'aa hata ukiligeuza kwenye taa. Embosi nayo haitoki kwenye kopi hata kidogo, na kidole gumba cha mtu wa mlangoni kinaitambua bila kuitazama. Kwa hiyo mteja akiniambia bajeti inatosha umaliziaji wa aina moja tu, namshauri auweke mahali ambapo kidole kinashika kadi inapokabidhiwa, pamoja na namba ya mfululizo. Ua la dhahabu lililo kona ya juu linaweza kusubiri.

Sasa tuingie kwenye foili yenyewe, maana ndiyo inayoombwa kuliko vyote na ndiyo inayoharibika kuliko vyote.

Ziko njia mbili, na dizaina asiyezitofautisha atamlaumu fundi bure. Njia ya kwanza ni foili ya moto. Mchoro wako unachongwa kwenye kipande cha shaba nyeupe au magnesiamu, herufi zikiwa zimeinuka na kugeuka kinyume. Klishe hiyo inafungwa kwenye mashine na kupashwa moto, mara nyingi kati ya nyuzi 100 na 150. Mbele yake unapita utepe mwembamba wa plastiki wenye tabaka la rangi ya dhahabu na gundi kavu. Simama karibu na mashine uangalie: klishe inabana utepe juu ya karatasi kwa kitambo kifupi sana, kisha inaachia. Kwenye karatasi dhahabu imebaki pale tu klishe ilipogusa, na kwenye utepe unaoendelea mbele kumebaki uwazi wenye umbo la jina la bibi harusi. Pitisha kidole nyuma ya kadi. Utahisi shinikizo limeacha mwinuko mdogo sana. Mwinuko huo ndio alama ya foili ya moto.

Njia ya pili haina klishe. Unachapa mchoro kwa printa ya leza, ile inayotumia unga, halafu unaipitisha karatasi pamoja na foili kwenye mashine ya laminesheni yenye moto. Unga unayeyuka kidogo, unaishika foili, na unapoibandua dhahabu inabaki juu ya unga. Njia hii ni rahisi kwa kadi chache, na inakuruhusu kila kadi iwe na jina la mgeni wake kwa dhahabu, jambo ambalo klishe haiwezi. Lakini haishiki kwenye kazi iliyochapwa kwa ofseti wala kwa printa ya wino wa maji, na unga ulioruka pembeni mwa herufi nao utavaa dhahabu, kadi ikaonekana imenyunyiziwa vumbi.

Hesabu ya bei inafuata hapo. Klishe inalipiwa mara moja, iwe unapiga kadi hamsini au elfu moja, kwa hiyo kadi zikiwa chache klishe inameza bajeti, na zikiwa nyingi gharama yake inayeyuka. Klishe hupimwa kwa ukubwa wa eneo, na utepe wa foili huliwa kwa upana wa mchoro. Dizaina anayejua hili anakusanya dhahabu yake mahali pamoja. Ukiweka mstari wa dhahabu juu kabisa na mwingine chini kabisa, umemlazimisha fundi kutumia klishe kubwa au nyuzi mbili za utepe kwa sababu ya mistari miwili ambayo mgeni hataikumbuka.

Kuhusu unene, usishuke chini ya robo milimita kwa mstari wa foili, na uwazi kati ya mistari uwe walau nusu milimita. Herufi za mwandiko wa mkono, zile zenye mikia myembamba zinazopendwa kwenye kadi za harusi, ndizo zinazotesa. Mpelekee fundi karatasi yenye jina hilo kwa ukubwa halisi, umuulize, “Fundi, hii itatoka?” Atalisogeza kwenye mwanga na kukujibu, “Mdogo wangu, tumbo la hii e litaziba.” Jibu hilo amelipata kwa kupanga foleni za kadi zilizoziba. Nenepesha herufi au badilisha aina yake siku hiyo hiyo, kabla mteja hajaupenda mchoro wa kwanza.

Kwenye karakana nyingi za uchapaji duniani kazi hii ya foili, ya kupiga namba na ya kukata umbo bado inafanywa na mashine ndogo ya Heidelberg yenye mikono miwili ya chuma inayozunguka, mmoja ukipeleka karatasi na mwingine ukiitoa. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1914 na ikasimamishwa mwaka 1985, lakini zilizobaki zinafanya kazi kwa sababu mtu anaweza kuzifungua na kuzirekebisha kwa spana. Ukiikuta mahali, omba usimame uitazame. Utaelewa mengi, mojawapo likiwa kwa nini karatasi haiwezi kutua mahali palepale kabisa kila mara. Inaweza kupishana kwa nusu milimita, wakati mwingine zaidi, hasa ikiwa imechapwa kwenye jengo jingine na kukatwa na gilotini ya jengo la tatu. Usichore fremu ya dhahabu inayofuata ukingo wa kadi kwa ukaribu wa milimita mbili. Jicho litaona upande mmoja mwembamba na mwingine mnene. Usichore dhahabu inayotakiwa kukaa sawasawa ndani ya herufi iliyochapwa. Na rangi iliyo chini ya foili usiitoboe. Iache ipite chini kwa ukamilifu, ili foili ikisogea kidogo kusionekane mstari mweupe.

Umeme nao uuweke kwenye hesabu. Ukikatika, klishe inapoa, na ukirudi kadi za mwanzo hushika nusu nusu. Kwa hiyo chapa ziada. Kwa kazi inayopita mikono minne, asilimia 10 ya ziada si ubadhirifu. Hesabu kadi za ziada kwenye bei tangu mwanzo, umweleze mteja kwa nini.

Embosi ina masharti machache. Inahitaji klishe mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kupokea, na karatasi nene yenye nyuzi ndefu, kuanzia gramu 250. Karatasi nyembamba itachanika au mchoro utalala baada ya wiki. Herufi ndogo hazifai. Na kumbuka kwamba kinachoinuka mbele kinabonyea nyuma, kwa hiyo usipange ratiba ya sherehe nyuma ya nembo iliyoinuliwa.

Spoti yuvi, ule ute unaong'aa sehemu moja tu, unapendeza juu ya laminesheni isiyong'aa, kwa sababu macho yanapata tofauti kati ya kinachong'aa na kilichofifia. Juu ya laminesheni inayong'aa hakuna atakayeuona. Juu ya karatasi isiyopakwa kitu unanywewa na kupotea. Na usiupitishe kwenye mstari wa kukunjia, maana hukakamaa ukikauka na utapasuka.

Laminesheni inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ya hewa yetu. Dar es Salaam ina unyevu mwingi mwaka mzima, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, unazidi. Karatasi inakunywa unyevu huo na kutanuka. Plastiki ya laminesheni haitanuki. Ukilamineti upande mmoja tu, upande wa karatasi utatanuka huku ule wa plastiki ukibaki vilevile, na kadi itajikunja kuelekea kwenye plastiki. Ndiyo sababu unaona kadi za biashara zilizojikunja mezani, na jalada la kitabu lililoinuka lenyewe dukani. Tiba ni kulamineti pande zote mbili, au kuongeza unene wa karatasi, au kuuliza kama duka lina laminesheni ya nailoni, ambayo huruhusu unyevu kupita. Karatasi mpya nayo ikitoka kwenye stoo yenye kiyoyozi, iache ikae kwenye chumba cha mashine angalau usiku mmoja bado ikiwa kwenye kifungashio chake, izoee joto la humo, ndipo ifunguliwe. Wino wa ofseti pia unataka muda. Siku nzima ni kiwango cha chini kabla ya laminesheni au foili, na mvua ikinyesha ongeza. Wino ambao haujakauka ukifunikwa na plastiki hutoa mapovu madogo ya rangi ya fedha, na hakuna dawa ya kuyaondoa.

Kukunja ni jambo dogo linaloaibisha kazi kubwa. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Chukua kipande ukichane: upande mmoja kitachanika kwa mstari ulionyooka, upande mwingine kitapinda ovyo. Pale kinaponyooka ndiko nyuzi zinakoelekea, na mkunjo wako unatakiwa ulale sambamba nazo. Kadi ya gramu 300 isikunjwe kwa mkono bila kuwekewa mfuo na mashine kwanza, la sivyo rangi itapasuka mgongoni. Rangi nzito, kama buluu ya usiku au zambarau iliyoiva, ndizo zinazoonyesha nyufa nyeupe waziwazi. Mwambie mchapaji mkunjo uko wapi kabla hajapanga kadi kwenye karatasi kubwa. Baada ya hapo mwelekeo wa nyuzi haubadiliki.

Sasa nije kwenye kazi ambayo dizaina wengi wanaidharau na ambayo naamini ina nafasi kubwa kuliko foili: skrini. Tangu tarehe 1 Juni 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, maduka yamegeukia mifuko mbadala ya kitambaa kisichofumwa na ya karatasi za kaki. Kiwango cha mfuko huo usiofumwa kiliwekwa kisipungue gramu 70 kwa mita ya mraba. Mfuko wa namna hiyo haupiti kwenye mashine ya ofseti ya kadi. Unachapwa kwa skrini, rangi moja moja, kwa mkono wa fundi anayevuta wino kwa mpira. Mfuko mmoja unatembea Kariakoo nzima ukitangaza duka, kisha unabaki nyumbani miezi. Lakini angalia michoro iliyomo: nembo zenye rangi zinazofifia polepole, vivuli, picha za watu, vyote vimegeuka madoa. Mchoro haukuchorwa kwa skrini.

Ukichorea skrini, fikiri kwa rangi zilizotengana. Rangi mbili zilizochanganywa tayari kwenye kopo ni bora kuliko picha yenye rangi elfu. Mistari isiwe chini ya milimita moja kwenye mfuko, herufi nyeupe zilizo ndani ya rangi zinenepeshwe kwa sababu wino husambaa na kuzila, na usitegemee rangi mbili zigusane bila kupandiana kidogo. Uliza wavu wa skrini una nyuzi ngapi kwa sentimita: 43 unafaa kitambaa na wino mwingi, 77 unafaa kazi za kati, 120 ni wa mistari myembamba kwenye karatasi.

Na shule nzuri ya kujifunzia nidhamu hii tunayo majumbani. Tandika khanga sakafuni. Ina pindo, ina mji, ina jina, na mara nyingi rangi mbili au tatu tu zilizopandana kwa hesabu. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, imejenga jina kwa michoro ya namna hiyo, na kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China kilizichapa khanga kwa miaka mingi. Tazama jinsi nyeusi inavyofunika mpaka wa nyekundu ili kupishana kusionekane. Tazama jinsi nyeupe inavyotumika kama rangi ya ziada isiyolipiwa. Mchoraji aliyefanya vile alijua mashine yake, na mama anayenunua doti huikagua pindo kwanza kabla hajauliza bei. Wateja wetu wana jicho la chapa. Tusiwape kazi ya kubahatisha.

Katika roho hiyohiyo, usiipite mashine ya riso. Hapa kwetu tunaijua kwa mitihani ya shule na matangazo ya kanisani, na kwenye steshenari inakaa kona ikichapa nyeusi tu. Ulaya na Marekani wasanii wanaitafuta kwa vitabu vidogo na mabango, kwa sababu inachapa rangi moja kwa ngoma moja, wino wenye mafuta ya mimea ukikaa juu ya karatasi kwa uchangamfu ambao printa ya leza haina. Uliza kama mwenye mashine ana ngoma nyekundu au ya buluu. Ukipata, unaweza kuchapa bango la rangi mbili kwa bei inayokaribia ile ya mtihani. Tumia karatasi isiyopakwa kitu, kwa sababu kwenye karatasi ya kung'aa wino haukauki, na hata kwenye karatasi nzuri ukisugua kwa kidole utachafuka.

Unapoandaa faili, kila umaliziaji uwe na ukurasa au tabaka lake, umechorwa kwa rangi moja iliyojaa asilimia 100, na uupe jina linaloeleweka: FOILI, EMBOSI, YUVI, KUKATA, KUKUNJA. Usiweke rangi ya dhahabu uliyoitengeneza kwa njano na kahawia, maana fundi hajui kama unataka ichapwe au ipigwe foili. Herufi zigeuze ziwe michoro, kwani kompyuta ya karakana huenda haina aina ya herufi uliyoitumia. Acha milimita 3 za ziada kuzunguka mstari wa kukatia. Maandishi madogo meusi yawe nyeusi peke yake, si mchanganyiko wa rangi nne. Kisha chapa nakala ya karatasi, ikunje, ikate, andika juu yake kwa kalamu kila kitu kinakwenda wapi, na uipeleke pamoja na faili. Kipande hicho ndicho kitakachosafiri na robota kutoka duka hadi duka wakati wewe hupokei simu.

Muda wa kazi uupange kwa kalenda ya mji. Kwaresima na Ramadhani harusi nyingi husimama, na baada ya Pasaka na Idi zote zinakuja kwa pamoja. Novemba na Desemba mashine zimejaa kalenda na shajara. Ukileta kazi ya foili wiki hizo ukitaka kesho, utapata foili ya kesho. Omba sampuli moja iliyomaliziwa kabisa, kwenye karatasi ileile, kabla ya kuruhusu zote. Mteja aiweke sahihi na tarehe nyuma, nawe uwaachie mafundi nakala nyingine iliyosainiwa. Kazi ikipita maduka manne, sampuli hiyo ndiyo inayoamua nani alikosea.

Siku ya kupokea, usitazame kadi ya juu tu. Fungua robota katikati na chini, maana kadi za mwisho ndizo zilizopigwa klishe ikiwa imechoka au imepoa. Sugua foili kwa kidole, bandika selotepu na uibandue taratibu. Ikiondoka na dhahabu, irudishwe ikiwa bado uko dukani. Dai risiti ya EFD. Na kama umelipia klishe na kisu cha kukatia umbo, omba upewe wewe, uvifunge kwenye gazeti visichubuke, uandike juu jina la kazi na ukubwa wake, kwa sababu nembo ileile ya mteja itarudi mwakani na klishe yake itakuwa tayari.